Kompyuta kwa Mwenye Shida ya Macho: Tuanze na Jicho, Siyo na Duka
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Tuseme katibu wenu ameandika kumbukumbu za kikundi kwa miaka mingi, na sasa macho yamefifia. Mistari ya daftari haioni vizuri. Wanachama wengine wanasema, "Basi mama apumzike, tuchague mwingine." Wengine wanasema, "Hapana, tuchange, tumnunulie kompyuta." Hawa wa pili wana wazo jema. Lakini mkinunua mashine isiyomfaa, itakaa kabatini imefunikwa kitambaa. Pesa za wanachama zimekwenda, na mama bado amepoteza kazi yake.

Kwa hiyo, tusianze kwa kuuliza bei. Tuulize: anaona nini? Kwanza aende kliniki ya macho. Pengine ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, ambao hutibiwa kwa upasuaji, au anahitaji miwani tu. Shida ikibaki hata baada ya matibabu, hapo sasa tufikirie kompyuta. Na hapo tutenganishe watu wa namna mbili.

Wa kwanza ni yule anayeona kidogo. Huyu anahitaji skrini kubwa isiyong'aa kama kioo, kwa maana mwangaza wa dirisha ukigonga skrini inayong'aa unamsumbua. Kompyuta ya mkononi ni nzuri kwa sababu stima ikipotea betri inaendelea. Lakini skrini yake ni ndogo na iko chini, naye atainama mpaka shingo iume. Dawa yake ni kuiunganisha na skrini nyingine ya inchi 22 au 24, mkaiweka usawa wa macho. Tena, kompyuta za Windows tayari zina kikuza-maandishi ndani yake. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na kile cha kujumlisha (+), maandishi yanakua. Rangi pia hubadilishwa, maandishi yakawa meupe juu ya weusi. Hakuna malipo.

Wa pili ni yule asiyeona kabisa, au anayechoka akisoma kidogo tu. Huyu msimnunulie skrini kubwa, ni kutupa pesa. Yeye atafanya kazi kwa masikio na vidole. Anahitaji sauti safi, hedifoni nzuri, na kibodi yenye vitufe vinavyopapaswa vizuri. Herufi F na J ziwe na vijinundu vyake, ndivyo vinavyoonyesha mahali pa kuweka vidole. Programu ya kusoma skrini kwa sauti ipo ya bure, inaitwa NVDA. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Inakuja na sauti ya Kiswahili pia, ingawa inasikika kama mashine na sikio linahitaji siku kadhaa kuizoea.

Sasa twende dukani. Kompyuta iliyotumika si mbaya, lakini shikeni mambo haya manne:

1. Iwe inakubali Windows 11. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa kampuni tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za bei rahisi haziwezi kupanda kutoka hapo.

2. Kumbukumbu yake (RAM) iwe GB 8, na diski iwe ya aina ya SSD. Mashine nzito hufanya sauti ichelewe, na anayesikiliza hajui kama imekwama au inafikiri.

3. Iwe na tundu la kuunganisha skrini, kibodi na hedifoni.

4. Mwenyewe aende dukani, aijaribu. Akae nayo nusu saa, akuze maandishi, asikilize sauti, apapase vitufe. Muuzaji akikataa, nendeni kwingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wekeni pia pesa kidogo kando kwa ajili ya mafunzo. Kompyuta bila mwalimu ni sanduku tu. Na kabla ya kuchanga, ulizeni katika ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu iliyo karibu nanyi. Lina mfuko unaopokea maombi ya vifaa vya kusaidia. Lakini mwombaji awe amejiandikisha kwanza, kwa hiyo anzeni na hilo mapema.

Mwisho, tunawaomba: katika mkutano wa kuamua mambo haya, katibu huyo awepo, na aongee wa kwanza. Macho yamepungua, lakini hesabu na historia ya kikundi bado anayo kichwani. Tukimpa kifaa kinachomfaa, hatujamfanyia hisani. Kikundi kimemweka mtu wake kazini.

 Sasa tuulizane maswali.