Mapatano ya Kuchukua Takataka za Biashara

Jioni hii twanena na wenye maduka, wenye mikahawa na mafundi wa motokaa, na pia wanafunzi ambao kesho wenyewe watakuwa na biashara. Jambo letu ni takataka, na hasa yale mapatano ambayo mwenye biashara huandikiana na mchukuzi wa kuziondoa. Wengi huuliza swali moja tu: kwa mwezi ni shilingi ngapi? Sisi twaona liko swali lipasalo kutangulia, nalo ni hili: je, mchukuzi huyu hupata faida yake kwa kufanya nini?

Asiyesadiki na atazame mambo ya London miaka 200 iliyopita. Nyumba za huko zilipashwa moto kwa makaa ya mawe, na majivu yake yalitakiwa sana na wafyatuaji wa matofali. Basi wachukuzi ndio waliowalipa wakuu wa mitaa, ili wapewe ruhusa ya kuzoa! Baadaye bei ya majivu iliposhuka, mambo yaligeuka. Mitaa ikawa ndiyo yenye kulipa, na malalamiko ya nyumba zilizorukwa yakazidi. Watu walikuwa wale wale; faida ndiyo iliyohama.

Hata huku kwetu limetukia jambo la namna hiyo. Mwaka 1994 halmashauri ya Dar es Salaam ilianza kuipa kampuni kazi ya kuzoa taka za kata za katikati ya mji. Ada ilipasa kudaiwa kwa wenye nyumba na maduka, nao wengi hawakulipa. Asiyelipwa hana la kutilia mafuta katika lori.

Lakini kulipa tu hakutoshi. Mchukuzi akipewa kiasi kile kile kila mwezi, faida yake huongezeka kwa kila safari asiyoifanya, na kwa kila njia fupi ya kwenda korongoni au kando ya mto badala ya jaa la halmashauri. Kwa hiyo mapatano hayana budi kutaja malipo kwa kila pipa lililoondolewa, siku za kuja, kiasi kitakachokatwa asipokuja, na jina la mahali taka zinapomwagwa. Hili la mwisho ndilo lisahauliwalo kuliko yote.

Tena mapipa na yawe mawili. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka ni za kuoza: maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, majani ya mboga. Zimejaa maji, nazo ni nzito. Zikifukiwa chini pasipo hewa hutoa gesi iitwayo methani, ambayo hushika moto. Ndiyo sababu moja ya majaa makubwa kufuka moshi siku nyingi. Zikirundikwa penye hewa, zikichanganywa na majani makavu na kupinduliwa mara kwa mara, rundo hupata joto hata mkono hauvumilii ndani yake, na baada ya miezi michache hugeuka mbolea nyeusi. Mwenye mkahawa aliye jirani na mkulima wa mboga asimlipe mtu kuchukua mali hiyo mbali. Pipa la pili litakuwa jepesi, na kama malipo ni kwa pipa, gharama itapungua.

Oili chafu ya motokaa iwekwe katika debe lake peke yake, maana ikimwagwa ardhini huweza kufika kisimani. Sindano za zahanati hazimhusu mchukuzi wa kawaida hata kidogo.

Penye mizani jaani, lori hupimwa likiingia na likitoka, na karatasi hutolewa. Mwenye duka na aidai nakala yake, aiweke mezani siku ya malipo kabla ya kufungua kasha la fedha.