Mazungumzo ya Magari: Mlio Chini ya Pikapu
Mwenye pikapu apakiaye mahindi Kitale na kuyapeleka Bungoma kwa njia ya Kamukuywa na Kimilili huenda akasikia mlio wa "ko!" chini ya gari kila aachiapo klachi. Wengi hudhani giaboksi imekufa, wakanunua nyingine. Fedha huisha, mlio hubaki.

Yafaa kwanza kutafuta asili yake. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe, hendibreki ivutwe, magurudumu yazuiwe kwa mawe, na gia iwekwe huru. Kisha fundi aingie chini, ashike propela kwa mkono mmoja na upande wa pili wa kiungo chake kwa mkono mwingine, azungushe kinyume. Kiungo kikicheza, au kikitoa unga mwekundu kama kutu, grisi imekauka na chuma kimelika, kibadilishwe. Kikiwa imara, akague raba zinazobeba giaboksi, bolti zishikazo springi, na mwisho difu.

Kabla ya kufungua propela aitie alama, ili irudishwe vilevile ilivyokuwa. Ikigeuzwa huweza kulitetemesha gari.

Wasikilizaji wasilidharau jambo hili. Propela ikikatika upande wa mbele gari likiwa mwendoni, ncha yake huanguka, na huweza kujichoma ardhini ikalipindua gari pamoja na watu na mizigo. Mlio huo ni onyo: mwenye kuusikiliza mapema hulipia kiungo kimoja tu, mwenye kuupuuza huenda akalipia roho za watu.