Taa Imulike Chini, Isimulike Ziwani



Mvuvi wa usipa wa mwambao wa Kyela analijua hili: mbalamwezi ikiwaka, taa ya mtumbwi haivuti samaki vizuri. Viumbe wa ziwani huishi kwa kufuata mwanga na giza.

Mchana, vijidudu vya majini hujificha kilindini, visiliwe na samaki. Giza likiingia, hupanda juu kula mwani. Taa kali ya ufukweni ikimulika maji usiku kucha, vijidudu vingi huweza kubaki chini. Hapo mwani huliwa kidogo.

Ufanye nini? Elekeza taa chini. Ifunike kwa juu. Ukilala, izime.

Kumbuka: taa imulike chini, isimulike ziwani.