Ngazi za Mbao: Vanishi Ije Mwisho

(Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari na Mawasiliano wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa Mji Mkongwe, Bagamoyo)



Mada ya leo ni ukarabati wa ngazi za mbao na mikono yake. Katika mji wetu zimesalia nyumba za karne ya 19, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Zile zenye ghorofa hutegemea ngazi ya mbao, na wanaoipanda kila siku ni mtoto anayewahi shule, mama mwenye ndoo ya maji mkononi, na mzee ambaye macho yake yamepungua nuru. Usalama wao ndio sababu ya mazungumzo haya.

Ningependa tuondoke na jambo moja: vanishi ni kazi ya mwisho, si ya kwanza. Mara nyingi sikukuu inapokaribia, ngazi hupakwa rangi, ikang'aa, nasi tukaridhika. Lakini mchwa hawazuiwi na mng'ao. Rangi mpya juu ya kidato kilichooza huficha hatari na kumpa mpandaji imani asiyostahili kuwa nayo.

Kwa hiyo tuanze kwa kuchunguza. Gonga kila kidato kwa nyundo: mbao nzima hutoa sauti kavu, iliyoliwa ndani hutoa sauti ya uwazi. Choma kwa ncha ya bisibisi pembeni, hasa pale ngazi inapogusa sakafu na ukuta. Ikizama kwa urahisi, mbao hiyo imekwisha. Tazama pia vijia vya udongo vya mchwa, na vumbi laini chini ya vitundu vidogo, dalili ya wadudu wanaotoboa mbao. Kisha shika mkono wa ngazi, uusukume kwa nje. Ukicheza, usimruhusu mtu yeyote kuuegemea mpaka utengenezwe.

Baada ya kuona ugonjwa, tutafute chanzo chake. Mbao haiozi bila unyevu. Huenda paa linavuja, au mguu wa ngazi umekaa kwenye sakafu inayolowa kila inapodekiwa. Huenda pia ukuta wa chokaa umepigwa lipu ya saruji. Saruji huzuia ukuta huo kutoa unyevu wake, nao unyevu ukitafuta njia huishia kwenye mbao iliyoegemea. Kubadili kidato bila kuondoa chanzo ni kununua mbao ile ile mara mbili.

Sasa tufike kwenye matengenezo yenyewe. Kidato kinacholia kinapokanyagwa hakijafa; kimelegea tu. Fundi aingie chini ya ngazi, apake gundi ya mbao kwenye kiungo, agongee kabari nyembamba, kisha akaze kwa skrubu. Hapa kwetu pwani chumvi ya hewani hula misumari ya kawaida, na kutu inapovimba hupasua mbao. Skrubu za shaba nyeupe au zisizoshika kutu zina gharama zaidi, lakini hudumu.

Kidato kilichooza king'olewe, kiwekwe kipya cha mbao ngumu iliyokauka vizuri, kama mninga au mvule. Tusipigilie ubao mpya juu ya uliooza. Kufanya hivyo hukifanya kidato kimoja kiwe kirefu kuliko vingine, na mguu uliozoea kimo kimoja hujikwaa, hasa gizani. Nguzo ndogo za pembeni nazo zisiachane zaidi ya sentimita 10, ili kichwa cha mtoto mdogo kisipite katikati. Na tununuapo mbao, tudai stakabadhi, tuwe na uhakika kwamba zimevunwa kwa kibali.

Ndipo tuje kwenye kukwangua. Nawaomba wenye nyumba wazingatie hapa kwa makini, kwa kuwa rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Tusikwangue rangi hiyo ikiwa kavu, wala tusiichome kwa moto. Tuilowanishe kwanza, tuvae barakoa, na watoto na wajawazito wakae mbali. Mabaki yafungwe kwenye mfuko, yasifagiliwe uani.

Mbao ikishakuwa safi na kavu, ipigwe msasa kwa kufuata nyuzi zake: kwanza namba 80, kisha 120, kisha 180. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mbao iachwe ikauke, kisha vanishi ipakwe nyembamba, mikono mitatu. Kila mkono ukauke kabisa na kupigwa msasa laini kabla ya mwingine. Kazi hii ifanyike wakati wa kiangazi. Masika hewa hujaa unyevu, vanishi hukawia kukauka na hugeuka nyeupe kama ukungu.

Kwenye vidato tusitafute mng'ao wa kioo. Kidato kilicholainishwa mno huteleza. Nyunyiza mchanga laini uliooshwa, ukakauka na kuchekechwa, juu ya mkono wa pili ukiwa bado mbichi, kisha funika kwa mkono wa mwisho. Na vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani visirundikwe pamoja, maana vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje mpaka vikauke.

Ndugu wananchi, nyumba zetu za kale zina ulinzi wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kabla ya kuvunja ngazi ya zamani, kuihamisha au kuweka ya zege mahali pake, fikeni kwanza ofisi ya kata muelekezwe utaratibu wa kibali. Kukaza kidato kilicholegea ni jambo la siku moja. Kubadili umbo la nyumba ni jambo la sheria.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye ngazi gharama ni kubwa zaidi, kwani kinachovunjika huenda kikawa nyonga ya mzee wetu. Ninaomba kila kaya yenye ngazi ya mbao iigonge kidato kwa kidato kabla ya mvua za masika, na fundi aitwe mapema pale sauti ya uwazi itakaposikika.