Kuchoka Si Uvivu



Mtu wa zamu ya usiku akisinzia huitwa mvivu. Mimi nasema amechoka, na uchovu hauondoki kwa karipio.

Mwaka 1907 sheria ya Marekani iliwawekea watu wa treni kikomo cha saa 16 mfululizo. Mwaka 1916 vyama 4 vya wafanyakazi wa reli viliungana, vikatishia kugoma. Bunge likapitisha siku ya kazi ya saa 8.

Hapa Tanzania sheria ya 2004 yatupa mapumziko ya saa 12 kati ya zamu na zamu. Lakini mapatano ya maandishi, kwa masharti yake, yaweza kuyashusha hadi saa 8. Basi ndugu, usitie sahihi peke yako. Karatasi ipitie chamani kwanza.

Umoja ni nguvu!