Tauni Iliondoka, Ramani Ikabaki



Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipoingia, tuliambiwa kwamba kupeana mikono kumekwisha. Harusi zingekuwa za watu ishirini, misiba ingekuwa ya ndugu wa karibu tu. Nendeni Kariakoo leo mkawatafute watu wanaosalimiana kwa viwiko. Utamaduni ulirudi mahali pake upesi kuliko wabashiri walivyodhani. Dai langu jioni hii ni kwamba walikuwa wakitazama mikono, ilhali mabadiliko yalikuwa yakipita kwenye majalada ya serikali.

Miji yetu ni ushahidi. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Mwaka 1913 akaja Profesa W. J. Simpson kutoka Uingereza kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki, na ripoti yake ikapendekeza makazi yatengwe kwa rangi za watu. Hoja ilikuwa ya afya, na nani angebishana na daktari? Hapa Dar es Salaam hoja ya namna hiyohiyo ilitumika kuuacha wazi uwanja wa Mnazi Mmoja, uwe mpaka kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika. Hofu ya maradhi ilipoa. Mitaa ikabaki ilivyochorwa, na bei ya kiwanja inatukumbusha hadi leo. Waliouchora mpaka ule hawakujua kwamba katika miaka ya 1950 chama cha TANU kingeutumia uwanja huohuo wa Mnazi Mmoja kuwakusanya watu waliotakiwa kutengana. Napenda kuwasimulia hilo wanafunzi wangu kila wanapokata tamaa.

Tuje kwenye UVIKO. Tanzania ilitoa takwimu zake za mwisho za mwaka ule mwanzoni mwa Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Kisha kikafuata kimya cha zaidi ya mwaka. Watu wakajifukiza, wakanywa tangawizi na malimao, na wakajifunza kusoma tanzia: marehemu alikuwa na “changamoto ya upumuaji,” na kila msikilizaji akaelewa alivyoelewa. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai akachanjwa hadharani. Sera iligeuka ndani ya miezi michache. Mazoea ya kuisikiliza serikali kwa sikio moja, huku jingine likiwa mtaani, hayakugeuka kwa kasi hiyo.

Tazameni mkoa wa Kagera. Machi 2023 virusi vya Marburg vilipothibitishwa, Wizara ya Afya ilitangaza waziwazi. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba kuna washukiwa, wizara ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha ugonjwa, na tarehe 20 Rais akathibitisha mgonjwa mmoja, mkuu wa shirika hilo akiwa kando yake. Maabara huchukua muda, simlaumu mtu. Lakini katika siku zile chache mjadala haukuwa wa virusi hata kidogo. Ulikuwa wa nani mwenye haki ya kutangaza. Swali hilo ni mtoto wa mwaka 2020, na nakisia litatawala siasa za afya kwa miaka mingi.

Kwa majirani zetu janga liliacha alama nyingine. Kenya iliweka kafyu tarehe 27 Machi 2020, ikaongezwa mara kwa mara hadi ilipofutwa tarehe 20 Oktoba 2021. Nchini Uganda kampeni za uchaguzi wa Januari 2021 ziliitwa za kisayansi: mikutano ikabanwa kwa sababu za afya, na Novemba 2020 mgombea urais wa upinzani, Bobi Wine, akakamatwa kwa madai ya kuvunja masharti hayo. Katika maandamano yaliyofuata waliuawa zaidi ya watu hamsini. Kinga ya maradhi na kinga dhidi ya mpinzani zilivaa barakoa moja. Shule za huko hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Nakisia vijana walioyaona mambo hayo wakiwa nyumbani, simu mkononi, hawatakwenda kwenye siasa kwa njia ya matawi ya vyama kama wazazi wao. Vijana wa Kenya waliojaa barabarani Juni 2024 kuupinga muswada wa fedha hawakuwa na mwenyekiti wa kuitwa ikulu kwa chai.

Utamaduni nao ulibadilika, ila kimyakimya. Kenya ilipofuta ada za M-Pesa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000, hadi mwisho wa 2020, mchango mdogo wa msiba ukawa hauna kisingizio. Ada nyingi zimerudi. Kundi la WhatsApp la michango halijavunjwa, na maziko yanarushwa mubashara kwa ndugu walioko Muscat na Minnesota. Shangazi aliyezoea kuhesabu nani kaja matangani sasa anahesabu pia nani katuma.

Kwa hiyo nikiulizwa janga lijalo litabadilisha nini, nitaomba kwanza nionyeshwe amri: nani ameisaini, nani anaweza kuifuta, inakoma lini. Pendekezo langu kwa wabunge waliomo ukumbini ni dogo. Kila amri ya dharura ya afya iandikwe tarehe ya mwisho wake, na isiongezwe bila kura ya Bunge. Takwimu za magonjwa ya mlipuko zitolewe kila wiki, hata wiki ambayo hakuna mgonjwa.