Umbo la Mpigo katika Usisimuaji wa Ubongo kwa Sumaku



Mwaka 1985, mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili juu ya kichwa cha mtu mzima wa afya, wakapitisha umeme wa ghafla, na mkono wake ukashtuka. Hakuna waya uliopeleka umeme kwenye ngozi. Kanuni ni ileile ya Michael Faraday ya mwaka 1831: uga wa sumaku unaobadilika huzaa umeme. Kuhusu nguvu ya uga huo tumeshazungumza sana. Leo naomba tuzungumzie umbo la mpigo wake, yaani jinsi unavyopanda na kushuka.

Mashine ya kawaida hujaza kapasita kwa volti elfu moja na zaidi, kisha huumwaga umeme huo kwenye koili kupitia swichi iitwayo thairista. Thairista ni kama lango la bwawa ambalo ukishalifungua halifungiki mpaka maji yasite yenyewe. Kapasita na koili ndivyo huamua mpigo uendeje. Daktari amebakiwa na ukali tu.

Tena, mpigo unaotumika sana katika tiba ya sonona, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, ni ule wa kwenda na kurudi. Umependwa kwa sababu hurudisha sehemu kubwa ya nishati kwenye kapasita, hivyo mashine huweza kurudia haraka. Mpigo wa upande mmoja huchagua neva vizuri zaidi, lakini nishati yake huishia kuwa joto. Kwa maneno mengine, mgonjwa amepewa mpigo unaoifaa saketi. Jambo hili linanisumbua.

Mwaka huohuo wa 2008, Angel Peterchev na wenzake walichapisha maelezo ya mashine inayotumia transista za nguvu, zinazoweza kukata mkondo mkubwa wakati bado unapita. Mpigo ukawa karibu na mstatili, na muda wake ukachaguliwa. Baadaye, Oxford, ikaundwa mashine yenye swichi zinazofunguka na kufungwa upesi, zikitoa vipande vifupi vya volti. Utando wa neva, kwa kuwa ni mzito kuitikia, huvipokea kama wimbi moja laini.

Uzito huo wa utando ndio kiini cha mada yangu. Utando hujaa chaji huku ukivuja, kwa hiyo mpigo mfupi huhitaji nguvu kubwa zaidi kuliko mrefu. Tafuta nguvu ndogo kabisa inayotikisa kidole gumba kwa mpigo mfupi, kisha kwa mrefu. Kutokana na tofauti hiyo unaweza kukadiria kasi ya neva zile kujaa. Umepima tabia ya seli ndani ya mtu aliye hai, fuvu likiwa zima. Mashine ya thairista haikuweza kutupa hilo kwa urahisi.

Hata hivyo, katika kumbukumbu za tiba tunaandika ukali, idadi ya mipigo na mahali pa koili, bila umbo la mpigo. Napendekeza safu mbili ziongezwe: muda wa mpigo kwa mikrosekunde, na mwelekeo wa umeme ndani ya ubongo.